Kampuni Ilitaka Kuongea na Marehemu

Kampuni iliniambia nimpe simu marehemu.

Sitanii. Mkono wa mdogo wangu umemezwa na mashine, damu inatiririka kwenye mabua ya mahindi, na dada wa kampuni ananiambia kwa upole kabisa: "Tunahitaji ridhaa ya bwana Orville mwenyewe."

Orville tulikuwa tumemzika majuzi tu.

Ngoja nianze mwanzo.

Huku kwetu Nebraska, mkulima akifa mahindi yakiwa bado shambani, majirani hawasubiri kuitwa. Kila mtu anakuja na kombaini yake, ile mashine ya kuvunia, tunamvunia mjane shamba zima siku moja. Hakuna kulipana.

Siku ya shamba la Orville, mjane wake, Hazel, alitaka kitu kimoja tu.

"Na kombaini ya mume wangu itoke. Msiiache bandani."

Nani angembishia?

Shida ni kwamba mashine za siku hizi unanunua bati na matairi. Akili ya mashine, yaani programu, inabaki ya kampuni iliyoitengeneza. Leseni ya kuitumia ile ilikuwa kwa jina la Orville, na bila yeye haiwaki. Royce, fundi wa kampuni ambaye pia ni jirani yetu, akaiwasha kwa ujanja wake.

"Msiizime," akatuonya. "Ikizimwa itajifunga, na mimi sina ubavu wa kuifungua tena."

Dereva akawa mdogo wangu, Emmett.

Mchana mabua yakakwama kwenye rola za mbele. Likitokea hilo unazima, unashuka, ndipo unayatoa. Watoto wa huku wanafundishwa hivyo kabla hawajajua kuendesha baiskeli. Emmett hakuzima.

"Zima kwanza, we mjinga!" nilimpigia kelele kutoka kwenye trekta.

"Nikizima ndo basi tena! Sekunde moja tu!"

Bua likavutwa ghafla, likaenda na mkono wake.

Sijawahi kusikia mtu akilia vile. Nikaparamia ngazi, nikazungusha ufunguo, mashine ikanyamaza. Mkono ulikuwa umeingia mpaka kiwiko na mfupa unaonekana.

Ili kumtoa, rola zilitakiwa kuzunguka kinyume. Nikawasha. Skrini ikaandika: *Mashine imefungwa. Mwenye leseni awasiliane nasi.*

Majirani wakaja na nondo, wakabinua mpaka nondo zikapinda. Rola hazikusogea hata kidogo. Gari la wagonjwa lilikuwa bado mbali, na Emmett alikuwa anaishiwa damu mbele ya macho yetu.

Royce akafika na kompyuta yake. "Lazima makao makuu waruhusu."

Nikamtandika ngumi ya pua. "Fungua!"

"Siwezi, kaka! Haki ya Mungu siwezi!"

Damu ikamchuruzika mpaka kidevuni, lakini akapiga simu, akaweka spika. Ndipo yule dada akamtaka Orville.

Ningesema amekufa, wangedai kwanza karatasi za urithi. Nikakohoa, nikaleta sauti ya mzee. Nilikuwa namuigiza baa miaka yote, mwenyewe akiwepo, watu wanavunjika mbavu.

"Orville hapa. Nifungulie mashine yangu, binti."

Dada akajibu: "Samahani. Sauti hii hailingani na sauti ya bwana Orville tuliyonayo."

Tuliyonayo? Waliipata wapi?

Royce akainamisha kichwa. "Kwenye kibanda cha dereva kuna kinasa sauti. Kinachukua kila kitu. Kipo kwenye mkataba."

Nikapandwa na wazimu. Nikachomoa bunduki kwenye pikapu, nikaitwanga ile skrini risasi mpaka vipande vikaruka. Haikusaidia chochote.

"Kata," Emmett akasema. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Unasema?"

"Kata, kaka. Ntafia hapa."

Nikamfunga mkanda wangu juu ya kiwiko, nikaukaza kwa nguvu zangu zote. Nikakata kwa kisu chake cha mfukoni, huku Royce amemshika mabega, analia. Kisu kilikuwa kidogo. Ilichukua muda. Zaidi ya hapo sisemi.

Emmett alipona. Mkono hakurudi nao.

Tukaishitaki kampuni, sisi na Hazel.

Mahakamani wakili wao alitaka kuthibitisha kwamba mfumo haukukosea kuikataa sauti yangu. Akasema tusikilize sauti halisi ya marehemu, kama ilivyonaswa kwenye kombaini yake. Akabonyeza ya kwanza. Orville anaimba wimbo wa kanisani, vibaya kama kawaida yake. Watu wakatabasamu. Hazel akaziba mdomo kwa leso.

Akabonyeza ya mwisho. Naapa hakuwa ameisikiliza kabla.

"Hazel..." Pumzi nzito. "Kifua changu... Hazel! Nyie wa kampuni, kuna mtu ananisikia? Niitieni mke wangu."

Orville alikutwa amekufa ndani ya ile kombaini. Daktari alimwambia Hazel kwamba moyo ulisimama ghafla, mzee hakuteseka. Neno hilo ndilo lililokuwa likimpa usingizi.

Wakili akahangaika kuizima, anabonyeza ovyo. Orville akaendelea kuita, sauti inazidi kupungua.

Hazel ni mama wa kanisani, sijawahi kumsikia hata akitukana. Akainuka taratibu, akaenda mpaka mezani kwa wakili, akachukua jagi la kioo, akampasua nalo kichwa. Askari wakamdaka mikono.

"Mlikuwa mnamsikia!" alipiga kelele. "Nilikuwa jikoni! Nilikuwa hapo jikoni tu! Mngenipigia!"

Yule wakili, damu inamwingia machoni, akajibu: "Mama, hakuna aliyekuwa anasikiliza. Inarekodi tu."

Kesi bado inaendelea. Hazel ameomba apewe ile sauti ya wimbo, akae nayo nyumbani. Wamemjibu kwamba ni mali ya kampuni.

Ndugu yangu unayesoma, kabla hujatoa hela yako kununua kitu, uliza nani ana uwezo wa kukifunga, na nani anakusikia ukiwa nacho. Ukiambiwa ni kampuni, waachie kitu chao.