Mlio Ambao Fundi Hakuusikia

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani alikuwa Sikio, na hata mkewe alipokasirika alimwita Sikio. Alilipata jina hilo ujanani, kwa sababu gari lilipoingia gereji kwake hakuwa na haraka ya kuinuka. Alikaa pale pale kwenye kigoda, akafumba macho, akalisikiliza linavyonguruma, kisha akatamka: plagi ya tatu haichomi. Au: bomba la moshi limetoboka karibu na injini. Wakifungua, wanakuta ni hivyo hivyo. Watu walitoka mitaa ya mbali kumletea magari yao, kama mtu anavyompeleka kwa daktari mtoto anayekohoa.

Rafiki yake mkubwa alikuwa kinyozi, mtu mwembamba mwenye maneno mengi, aliyekuwa na chumba cha kunyolea ng'ambo ya barabara: viti viwili na kioo kimoja kilichopasuka pembeni. Walijuana tangu kabla hawajaota ndevu. Kila Jumapili asubuhi Sikio alivuka barabara kwenda kunyolewa, na hata nywele zilipobaki za kuhesabu, aliendelea kwenda.

"Leo nikunyoe nini, hewa?" Kinyozi alimwuliza.

"Nyoa hiyo hiyo, lakini usinipunguzie sana."

Kinyozi hakuoa. Ndugu yake aliyebaki duniani alikuwa dada mmoja, mkubwa kwake, aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Dada huyo aliishi katika mji wa milimani, safari ya siku nzima. Kinyozi alipokuwa kijana wa kujisifu alimwahidi kwamba siku moja atamjia na gari la milango miwili, yale ya chini chini ya kukimbia, ampakie mbele, wazunguke mji mzima watu wakiwatazama. Dada alicheka mpaka akashika mbavu. Miaka ikaenda. Dada akaanguka bafuni akavunjika nyonga, akawa mtu wa kiti na kitanda. Na Kinyozi naye akaambiwa hospitali kwamba moyo wake umechoka, apunguze kusimama.

"Kinyozi apunguze kusimama!" alimwambia Sikio. "Ninyoe watu nimelala?"

Alicheka peke yake. Kisha akasema ameona gari linauzwa, la milango miwili, kwa bei ya kutupa, na anataka Sikio akalitazame injini.

Walikwenda asubuhi. Gari lilikuwa nyuma ya nyumba ya kupanga, limeegeshwa ukutani, rangi yake nyekundu imepauka ikawa kama ya tofali. Tairi mbili zilikuwa zimekaa chini kabisa. Mpangaji mwenye gari alikuwa amehama miaka mitano iliyopita asirudi tena, na mwenye nyumba alitaka tu nafasi yake. Sikio alipovuta mlango, kuku alitoka kwa kishindo akiwatukana. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na mayai manne.

"Usiseme gari halizalishi," Kinyozi alisema.

Sikio alifungua boneti, akaanza kazi. Panya walikuwa wamejenga ndani ya chujio la hewa, kwa vipande vya magazeti na pamba ya viti. Mkanda ulikuwa na nyufa kama kisigino kikavu. Maji ya rejeta yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakipitisha kati ya vidole viwili: oili nyeusi, nzito kama lami, na kidogo. Alitoa plagi moja moja, akazipanga juu ya kitambaa, akazigeuza juani. Mambo yote haya aliyaona vizuri. Macho yake hayakuwa na tatizo.

Walimwaga ile oili, wakaweka nyingine, wakafunga betri ya kuazima. Injini ilikohoa mara tatu, ikatema moshi, ikawaka. Kinyozi alipiga makofi kama mtoto. Halafu mikono yake ikasimama hewani.

"Hicho kinachogonga chini ni nini?"

Sikio aliona midomo ikicheza. "Umesemaje?"

"Kuna kitu kinagonga. Ngo, ngo, ngo. Kama mgeni mlangoni."

Sikio aliinamia injini. Alisikia ngurumo tu, kama inatoka chumba cha pili, na juu yake ule mvumo uliokuwa ukikaa masikioni mwake mchana na usiku kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mlio wa kugonga hakuusikia.

Hakuwa amemwambia mtu yeyote jambo hilo. Nyumbani alisingizia redio kwamba imechoka. Gereji alikuwa na ujanja wake: mteja akifika, alimwuliza kwanza, "Hebu nieleze, mlio wenyewe ukoje?" kama anayempima akili, kisha alijibu kufuatana na maelezo. Watu wakicheka, naye alicheka. Mtu mwenye jina lile angeanzia wapi kusema hasikii?

"Ni valvu hizo," alisema. "Zimekaa kavu muda mrefu. Zikishaizoea hii oili zitanyamaza."

"Una hakika?"

"Kwani mimi ni nani?"

Kinyozi alimtazama machoni. "Wewe ni Sikio," alisema polepole, kisha akageuza uso, akaanza kumtania yule kuku.

Gari likavutwa mpaka gereji. Kwa wiki mbili Sikio alilihangaikia kuliko gari lolote la mteja: breki, tairi, mkanda, rejeta, nyaya zilizotafunwa. Siku moja mkewe alimletea chakula cha mchana akakuta injini inawaka. Aliweka sahani chini, akakunja uso.

"Hili gari mbona linagonga hivi? Kama mtu anatwanga."

"Tangu lini wewe umekuwa fundi?"

"Kusikia nako kunataka ufundi?" alijibu mkewe, na aliona uso wa mumewe ulivyobadilika, akaondoka bila kungoja sahani.

Alipobaki peke yake, Sikio alichukua bisibisi ndefu. Akagusisha ncha yake chini ya injini, na mpini akaukandamiza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, ujanja ambao siku zote aliwacheka mafundi wengine wakiutumia. Hakusikia kitu. Lakini ndani ya mfupa alihisi jambo, dogo, la kurudiarudia, kama mshipa unavyopiga mkononi mwa mgonjwa.

Alijua maana yake. Kule chini, pale kono la pistoni linaposhika krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kuna beringi, na beringi ikiisha hugonga vile. Kuibadilisha ni kushusha injini nzima, kusubiri vifaa wiki tatu au nne, na kumwambia rafiki yake: ulisema kweli siku ile, mimi sikusikia. Na Kinyozi alikuwa ameshampigia simu dada yake kwamba anafika Jumamosi.

Akaitoa ile bisibisi sikioni. Nitaifungua akirudi, alijiambia. Injini ngapi zimegonga miaka na hazikufa?

Jumamosi asubuhi Kinyozi alivaa koti lake la harusi za watu. Alipiga honi, akazunguka mtaa mara mbili ili kila mtu amwone, akaondoka. Wanawake waliokuwa wakifua walisimama, mikono imejaa povu, wakampungia.

Hakufika. Kwenye mwinuko mkubwa wa kwanza injini ilipasuka. Kono la pistoni lilikatika, likatoboa ubavu wa injini, tundu la kupitisha ngumi, na oili yote ikamwagika barabarani. Kinyozi alikaa pembeni ya lami tangu saa tano mpaka saa kumi jioni, jua likimwakia, moyo ule ule mchovu ukimpiga kifuani. Lori la mboga ndilo lililomrudisha, amekaa kati ya magunia ya kabichi, koti amelikunja mapajani.

Gari lilipovutwa na kurudishwa, Sikio alilifungua mwenyewe, hakutaka mtu amsaidie. Chini ya injini alikuta beringi imesagika, vipande vyake vinang'aa ndani ya oili kama magamba ya samaki. Alikaa chini, mgongo kwenye tairi.

Siku iliyofuata alivuka barabara. Chumba cha kunyolea kilikuwa kimefungwa. Kinyozi alikuwa nyumbani kwake, kitandani, miguu imevimba, na dirisha liko wazi. Sikio aliketi kwenye kiti pembeni.

"Ndugu yangu, nimekuja kukwambia jambo," alianza. "Ule mlio wa kugonga. Mimi sikuusikia. Masikio yangu yamekufa. Na baadaye niliujua, nikanyamaza. Nusura nikuue njiani kwa aibu yangu."

Kinyozi alimfanyia ishara asogeze kiti, mpaka wakawa uso kwa uso. Akasema kwa sauti, akitamka neno moja moja:

"Nilikuwa najua husikii. Mwaka mzima."

Kinyozi alinyoosha kidole, akakigusa kisogo cha Sikio.

"Mimi nasimama nyuma ya watu, bwana. Ndiyo kazi yangu. Nakusemesha nikiwa kisogoni kwako, hujibu. Nikija mbele ya kioo, unajibu. Ulidhani sitaona?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Nikuvue jina lako?" Alipumzika, akavuta pumzi. "Siku ile nilipokuuliza mara ya pili, niliona macho yako. Nikasema, basi, mwache. Labda gari litafika. Tulikuwa wajinga wawili. Usilibebe peke yako."

Lakini Sikio alilibeba. Kila siku alikwenda kukaa pale, akampikia uji wakati mwingine mke wake mwenyewe alipochelewa kuuleta, akasema kwamba akipata nafuu watakodi gari zima, lenye dereva mwenye masikio mazuri, wapande milimani pamoja. Kinyozi aliitikia kwa kichwa. Wiki ya tano, siku ya Jumanne, kabla ya adhuhuri, moyo wake ulisimama. Alizikwa kesho yake. Dada yake hakuweza kuja. Alisikiliza mazishi kwa simu iliyoshikwa juu ya kaburi na mtu wa msikitini.

Arobaini ilipopita, Sikio alikata tiketi ya basi. Mkewe alitaka kumsindikiza, akakataa. Alifika mji wa milimani jioni, akalala nyumba ya wageni, na asubuhi akaulizia mpaka akapewa nyumba. Dada wa Kinyozi alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, ameketi kwenye kiti cha magurudumu karibu na jiko, blanketi magotini. Pua yake ilikuwa ile ile ya mdogo wake, hata Sikio akashindwa kusalimia vizuri.

Alimweleza yote bila kujikosha. Gari, ule mlio wa kugonga, bisibisi, kunyamaza kwake. Alipomaliza alibaki ameangalia sakafu, akingojea kufukuzwa.

Dada alisema kitu. Sikio alinyanyua kichwa, akakuta amechelewa, midomo imeshafunga. Zamani angejitia hamnazo, angeitikia "ndiyo" na kuomba Mungu kwamba halikuwa swali.

"Dada yangu, mimi sisikii," alisema. Mbele ya mtu asiyemjua ilikuwa mara yake ya kwanza. "Nisamehe. Sema kwa nguvu, na uniangalie usoni."

Yule mama alimtazama. Machozi yalikuwa yakimshuka, hakuyafuta. Akageuza magurudumu ya kiti chake mpaka magoti yao yakakaribia kugusana.

"Nimesema," akapaza sauti, "siku ile alinipigia simu akiwa barabarani! Gari limekufa, yeye anacheka! Aliniambia, dada, nimelipanda mpaka kwenye mwinuko, upepo wote ulikuwa wangu!"

Sikio alijifunika uso.

Dada hakusema amemsamehe, na Sikio hakuomba msamaha. Yule mama alianza kumsimulia jinsi mdogo wake alivyokuwa mtoto, alivyomnyoa mbuzi wa watu nusu akakimbia, alivyolia siku ya kwanza shuleni akashika sketi yake asiiachie. Alisimulia kwa kupiga kelele, neno kwa neno, mpaka sauti ikaanza kukauka, akaomba maji, akaendelea. Jirani alichungulia dirishani kwa wasiwasi, akauliza kama kuna ugomvi humu ndani.

"Hakuna ugomvi," dada alimjibu. "Namsimulia mgeni habari za mdogo wangu."