Mama Kabini wa Kingi apeleka uji wa mzazi hadi Amerika

Ni saa kumi na moja alfajiri na Emérita Muhawenimana tayari amekasirika. Wanawake wanapanda kilima na sufuria za uji vichwani, na kila anayefika anacheka kwa sauti kama yuko sokoni Sake.

"Munyamaze kidogo! Rezo haipendi fujo," anawafokea, ingawa anajua vizuri kwamba mtandao hauna masikio. Ni hofu tu inayomsemesha.

Ana sababu ya kuogopa. Mara ya mwisho wanawake hawa walipopanda hapa na sufuria zao, simu iliita Amerika mpaka ikachoka yenyewe, na mama mmoja akashuka kilima akiwa ameapa kwamba hatampa mjukuu wake jina. Mama huyo, Nyiransabimana, leo amerudi. Ameketi juu ya jiwe mbele ya wote, kitenge kipya, mikono mapajani. Simu isipopokelewa na leo, hapandi tena.

Kingi ni kijiji cha wakulima, huko kwenye milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo, na mahali pekee ambapo mtandao unashika bila ubishi ni hapa juu, penye mikaratusi mitatu. Hapo ndipo Emérita, mwenye umri wa miaka arobaini na miwili, ameweka meza, mwavuli, paneli ya jua na betri. Watu wanapaita kabini, naye wanamwita Mama Kabini. Wanakuja kuchaji simu na kununua vocha, lakini hasa wanakuja kuongea kwa video na ndugu zao waliochukuliwa kutoka kambi za wakimbizi za Uganda wakapelekwa Amerika, Kanada na Australia.

Siku njema anaondoka na franga elfu kumi na tano. Siku ya mvua, paneli ikikosa jua, anaondoka na mafua.

"Zamani nilikuwa nalima viazi tu," anasema. "Vita ikatufukuza mpaka Sake, tukalala mu mahema. Kule njo nilijifunza mambo ya betri. Leo naongea na dunia yote, na miye mwenyewe sijafika ata Bukavu!"

Anasema kazi yenyewe si kupiga simu. Hiyo hata mtoto anaweza. Kazi ni kuwatuliza watu baada ya simu, maana waliokwenda huko wamegeuka mwenendo, na wazazi wao huku wanabaki wameshika tama.

Chukua Papa Athanase, mzee wa bonde la chini. Mwanawe aliyeko Kanada alimwomba awe anatuma ujumbe kwanza kabla ya kupiga. Mzee aliwaka. Tangu lini baba akaomba ruhusa kwa mtoto aliyemzaa? Emérita alimketisha akamweleza kwamba huko hata jirani wa ukuta mmoja hagongi mlango bila kuuliza kwanza. Nyumba moja inaweza kula chakula cha jioni kwa saa tatu tofauti, kila mtu na sahani yake, kila mtu na simu yake. Na mbwa wa mwanawe, akiumwa, anapelekwa kwa daktari wake, naye kwa miadi.

"Mbwa iko na randevu?" mzee aliuliza.

"Iko nayo, Papa."

"Basi na miye muniombee yangu, nisishindwe na mbwa."

Tangu siku hiyo Papa Athanase ndiye anayewahubiria wengine habari za randevu, utadhani aliizua yeye.

Kwa hiyo Emérita ndiye mtu wa mwisho Kingi ambaye angesahau randevu. Akasahau.

Umuhoza, binti wa pekee wa Nyiransabimana, alikuwa amejifungua mtoto wa kike katika mji mdogo wa Amerika, mji wenye kiwanda cha nyama na theluji ya kufika magotini. Huku Kingi mwanamke akijifungua, majirani wanakwenda kumhemba. Wanabeba uji wa mtama, maziwa, maharage. Wanaingia, wanakaa, wanamshika mtoto, wanamcheka baba yake, wanakula pamoja na mzazi mpaka vyombo viwe vitupu. Hakuna anayeuliza kama mzazi yuko. Atakwenda wapi? Yuko kitandani, mlango uko wazi.

Wanawake wakaona umbali si hoja. Jumamosi moja mchana, baada ya shamba, wakapanda kilima na kila kitu. Wangekula mbele ya simu, Umuhoza angewaona, na mwisho nyanya angetamka jina la mtoto. Hospitali ya huko ilikuwa imetaka jina papo hapo, wazazi wakaandika Gaëlle. Lakini jina la nyumbani, lile la kuitiwa na wakubwa, walikuwa wamemwachia Nyiransabimana. Baba wa Umuhoza alikufa zamani, na hakuna mwingine wa kulitoa.

Emérita akapiga. Ikaita. Akapiga tena. Ikaita. Uji ukashika utando, maharage yakapoa, na wanawake wakaanza kutazama miguu yao. Mmoja akasema labda betri. Emérita akasema betri imejaa, akajuta kulisema.

"Muzazi anaweza kuwa wapi?" Nyiransabimana aliuliza. Akakunja kitenge chake. "Amefunga mulango. Amefungia bamama ba Kingi mulango, mbele ya macho yangu. Kama hataki uji yetu, hataki na jina yetu."

Akashuka. Tangu hapo akawa anakwenda shambani kwa njia ya nyuma ili asipite karibu na kabini.

Usiku wake ujumbe wa sauti uliingia katika simu ya Emérita. Alikuwa Umuhoza, analia. Alikuwa kazini. Amerudi kiwandani kukata nyama wakati mtoto hata shingo haijakaza, kwa sababu huko alikoajiriwa ukikaa nyumbani hulipwi, na kodi ya nyumba haingoji mtu apone. Simu zinafungiwa kwenye kabati mpaka zamu iishe. Alipoitoa yake ndipo alipoziona simu zote walizompigia, akiwa bado amesimama na buti za damu. "Mama Kabini, usimuambie mama," alisema. "Atasema nimetupa mutoto."

Hapo ndipo Emérita aliposhika kichwa. Kila siku anawafundisha watu kwamba huko saa ya huku ni saa nyingine, kwamba lazima uulize kwanza. Kwa Umuhoza hakuuliza. "Unajua juu ya nini? Juu ni muzazi," anasema, na bado linamuuma. "Ata miye, kichwa yangu ilikataa. Muzazi haikosekani ku nyumba. Njo vile tunajua sisi."

Kusema hakuweza. Kabini ina sheria moja: mtu akiongea, Emérita anageuka kutazama mlima, na alichosikia kinabaki pale. Akianza kupeleka maneno ya watu, nani atapanda tena? Lakini kila alipomwona Nyiransabimana akizunguka kwa njia ya nyuma na jembe lake, roho ilimsuta. Mara mbili alimwomba Umuhoza aseme mwenyewe. Mara mbili Umuhoza alikata simu.

Kilichowaokoa ni bakuli.

Jumapili moja jioni, kule kwa Umuhoza ikiwa asubuhi ya siku yake ya mapumziko, yeye na Emérita walikuwa wanaongea kwa video. Kengele ikalia. Umuhoza akaenda kufungua na simu mkononi, na Emérita akauona mlango ukifunguka, theluji, na hakuna mtu. Chini, kwenye kizingiti, kulikuwa na bakuli limefunikwa kitambaa, linafuka moshi. Kwa mbali gari lilikuwa linaondoka.

"Nani huyo? Muchawi?"

Umuhoza akacheka, mara ya kwanza tangu ajifungue. Akaeleza kwamba ni mama mzungu wa mtaa wa pili. Wanawake wa kanisa la jirani waligawana siku. Kila mmoja anapika siku yake, anaweka mlangoni, anabonyeza kengele, anaondoka. Hawaingii, wasije wakamsumbua.

"Kumbe unahembwa!" Emérita akapiga kelele mpaka aliyekuwa akisubiri kuchaji simu akashtuka. "Na kila siku? Na hujamuambia mama yako?"

"Nilizania si kitu. Hawakai, Mama Kabini. Wanaweka tu."

Emérita akamwambia kwamba atakwenda kumwita mama yake sasa hivi, na kwamba habari ya bakuli ni yake Umuhoza kuisema, na ile nyingine pia. Hakungoja jibu. Alishuka kilima mbio, mwanamke mzima, kiatu kimoja kikabaki njiani, akamkuta Nyiransabimana anachambua maharage.

"Mama, kuya! Binti yako iko anahembwa na bazungu!"

Hasira inaweza kustahimili mambo mengi, lakini hilo haikulistahimili. Nyiransabimana akapanda.

Mbele ya simu, kwanza alitaka kuona bakuli. Akauliza ndani kuna nini. Akaambiwa tambi zenye jibini. Akauliza aliyeleta ameketi wapi, na alipoambiwa ameondoka bila kuonekana, akakunja uso.

"Banaleta chakula, banakimbia? Kama bamwizi?"

"Mama, hapa njo heshima."

"Heshima gani ya kukimbia?" Lakini sauti ilikuwa imelainika. Kisha akauliza swali lililokuwa limemkaa kooni tangu Jumamosi ile. "Sasa siku ile ulikuwa wapi?"

Umuhoza akasema. Alisema yote: kiwanda, kabati, kodi. Alisema mchana mtoto anabaki na baba yake, Habineza, naye anafanya zamu ya usiku, kwa hiyo mke na mume wanakutana mlangoni tu, mmoja anaingia, mwingine anatoka, mtoto katikati. Emérita alikuwa ametazama mlima, kama sheria yake inavyotaka, lakini masikio hayageuki.

Nyiransabimana akasogea karibu na simu.

"Habineza njo anaosha mutoto?"

"Anamuosha, Mama."

"Na maji ya moto anaipima?"

"Na kiwiko, vile ulinifundisha."

Mama akajifuta macho kwa pembe ya kitenge. "Weye ulizaliwa tukiwa tunakimbia," alisema. "Sikulala ku kitanda. Nililima shamba ya batu na weye ku mugongo, kitovu haiyaanguka. Hakuna mutu alinihemba. Nilizania kwenu itakuwa muzuri. Nilikuwa nataka mutoto yangu alale, mama, alale tu." Kisha wote wawili wakalia, na Emérita naye, akiwa bado ametazama mlima.

Ndiyo maana leo wanawake wamerudi. Safari hii Emérita ameomba randevu siku nne kabla, na Umuhoza amejibu kwa saa kamili. Huku ni Jumamosi alfajiri, huko bado ni Ijumaa usiku, zamu ya mchana imekwisha.

Simu inaita mara moja tu.

Umuhoza anatokea bado na kofia ya kazi. Nyuma yake Habineza, amevaa koti la kutokea, anamkabidhi mtoto, anawapungia mkono akina mama wa Kingi. Wanawake wanapiga vigelegele mpaka ng'ombe wa bondeni wanainua vichwa. Mmoja anamtania kwamba mikono yake imekuwa laini kwa kuosha nepi; Habineza anaionyesha kwenye simu, pande zote mbili, kisha anakimbilia kazini. Uji unagawiwa. Umuhoza naye ana kikombe chake, uji wa unga wa mahindi kwa sababu mtama hakuupata, na wanamsamehe.

Nyiransabimana anasimama. Anaomba simu isogezwe karibu na uso wa mtoto, karibu zaidi, mpaka zinaonekana pua na kope tu.

"Tumukunde," anatamka.

Maana yake kwa Kinyarwanda ni tumpende. Wanawake wanalirudia kwa pamoja, na huko Amerika mtoto anapiga chafya, na kila mtu anakubaliana kwamba amelipokea.

Nyanya hajamaliza. "Na ule mama wa bakuli. Siku yake ikifika, fungua mulango mbio, asikimbie. Aingie, akae, amushike Tumukunde. Uji haipewe mutu ku kizingiti."

"Mama, huku hawaingii bila randevu."

"Basi umupe randevu!"

Siku ya pili yake, Jumapili jioni, kilima kimetulia. Emérita anakunja waya zake na kueleza mipango. Anataka kujenga kibanda cha mabati hapa juu, chenye mabenchi mawili, na saa mbili ukutani, moja ya Kingi na moja ya huko. Asubuhi ya kila Jumamosi itakuwa ya wazazi waliojifungua mbali. Watu wa Ntoto na vijiji vingine vya Walikale, jirani na Masisi, tayari wameuliza kama wanaweza kuja. Mabati ameanza kununua, moja moja.

"Batu wanasema kule Amerika hawapendane," anasema. "Wanapendana. Ni kukaa njo hawana."

Simu yake inatetemeka. Ni picha kutoka kwa Umuhoza. Mwanamke mzungu mwenye mvi, koti bado mwilini, ameketi ukingoni mwa kochi kama mtu asiyejua kama ameruhusiwa. Bakuli lake liko sakafuni, halijafunuliwa. Mikononi amempakata Tumukunde, na analia.

Emérita anaitazama picha hiyo kwa muda mrefu. Kisha anavaa viatu vyake vizuri, vyote viwili, na kuanza kushuka kwenda kumwonyesha nyanya.