Diski Iliyokwenda Bafwasende

Tonton, kaka wa mama yangu, ana studio ya video huku Kabondo. Mimi nilimaliza shule ya msingi tu, na mbele ya watu sauti hunikauka. Lakini sanduku la diski la studio nililipanga mimi, na kwa jambo hilo siyumbishwi.

Ndani yake mna diski nne. Kompyuta huonyesha moja kubwa, na anayehifadhi filamu hajui imelala wapi hasa. Nilizipanga pacha kwa pacha: kinachoandikwa kwenye diski moja kinaandikwa pia kwenye mwenzake. Nusu ya nafasi inapotea, na kuandika kunachelewa. Fundi mmoja wa mjini, mwenye diploma, alipoona hayo alicheka.

"Tonton, huyu mutoto anakula nafasi yako bure. Tuvunje pacha. Kila filamu tuikate vipande, kila diski ichukue chake. Itaenda mbio!"

"Na diski moja ikikufa?" niliuliza.

"Ikufe sababu gani?"

"Ikikufa, kila filamu itakosa kipande. Hata moja haitafunguka."

"Weye ulisoma fasi gani, shule gani?"

"Primaire. Lakini nne kutoa moja walitufundisha."

Tonton alicheka hadi akakohoa. Fundi akaondoka amenuna, na diski zikabaki nilivyozipanga.

Muda si mrefu shemeji wa tonton alipita akielekea Bafwasende, kufungua kibanda cha kuonyesha filamu kwa wachimba dhahabu. Kwetu mgeni wa njia ndefu haondoki mikono mitupu. Mimi nilikuwa sokoni. Tonton akafungua sanduku, akachomoa diski moja, akaifunga kitambaani, akampa.

Niliporudi, sanduku lilikuwa linalia na taa yake ni nyekundu.

"Tonton, diski ya tatu iko wapi?"

"Nilipatia bokilo. Si ndiyo ya filamu za kupigana?"

"Hakuna diski ya filamu za kupigana! Zote ni moja!"

Sikuwa nimewahi kumpigia tonton kelele hivyo. Lori la shemeji lilikuwa limeshaondoka. Pacha aliyebaki, diski ya nne, ndiye mzee kuliko wote, na sasa alikuwa peke yake.

Hapo hapo aliingia mama muuza chikwange, ile mikate ya muhogo. Jumamosi familia yake inamaliza matanga ya mume wake. Alitaka filamu ya harusi ya binti yao, kwa kuwa ndimo marehemu anacheza ngoma, na hawana picha nyingine inayomwonyesha akitembea. Nilitafuta kwenye rekodi za sanduku. Ilikuwa kwenye ile diski ya nne.

Nyuma yake akaingia bwana harusi wa juzi, suti na manukato.

"Bon, filamu yangu iko tayari? Wageni wananingojea."

"Muanzie huyu," tonton akaninong'oneza. "Ni mutu mukubwa."

"Hapana, tonton. Ya mama kwanza."

"Unanikatalia mbele ya watu?"

"Nakukatalia. Diski imezeeka, na kila kazi tunayoiongezea inaichosha."

Nilichomeka flashi ya mama, nikaanza kunakili. Ilikwenda polepole, ikasimama, ikaendelea. Bwana harusi alisema nimelogwa na uvivu. Tonton alisema atamwita fundi. Sikuinuka kwenye kiti. Ilipomalizika nilifungua flashi tuhakikishe. Mwanamume mnene akatokea, kitambaa kichwani, anacheza kama hana mifupa.

"Angalia huyu mujinga," mama akasema, akicheka na kulia. "Nilimukataza kucheza vile."

Alipoondoka na flashi yake, nilichukua diski mpya kabatini, nikaichomeka mahali pa ile iliyosafiri, pacha mpya aanze kunakili yaliyo kwa mzee. Kazi hiyo huchukua siku nzima.

"Sasa yangu," bwana harusi akasema.

"Kesho, papa. Leo hakuna mutu anagusa hii sanduku."

Alimtazama tonton. Tonton akaenda kumletea kiti. "Kesho, papa," akamwambia.