Kikundi Kisicho na Salamu

Biro yetu, ofisi ya malori, ilikuwa na watu wanne, na mimi nilikuwa mkubwa wao. Tulifuatilia mizigo: viazi na kabichi kutoka Kibumba, samaki wa chumvi kutoka Vitshumbi. Kila asubuhi, mbele ya kufungua daftari, mtu alipita meza kwa meza akitoa mkono. Aliuliza umeamkaje, watoto wameamkaje, na yule aliyekuwa na malaria kama amepata nafuu. Hata aliyechelewa alianza na mkono. Mimi niliona tunapoteza nusu saa, lakini sikuthubutu kusema. Kwetu mtu anayekaa kazini bila kusalimia huonekana ana kinyongo.

Usalama wa mji ulipoharibika, patron, mwenye malori, alifunga biro, na kila mmoja akaanza kufanyia kazi nyumbani. Tulifungua kikundi cha WhatsApp. Salamu zikahamia humo, pamoja na sala, picha za maua na sauti za watoto. Siku moja dereva aliandika kwamba barabara ya Kibumba imefungwa, akauliza kama arudi. Ujumbe wake ulizikwa chini ya salamu zetu, nikauona kesho yake saa sita mchana. Lori lilikaa juani siku mbili na viazi vikaoza.

Jioni ile niliandika sheria. Nilisoma sekondari tu, lakini barua ya amri najua kuiandika. Kuanzia kesho, kikundi ni cha kazi. Hakuna salamu, hakuna maombi, hakuna picha. Ripoti saa mbili kamili asubuhi. Ukisoma ujumbe, jibu kwa maneno mawili tu: bien reçu, yaani nimeupata.

Kikundi kilinyamaza. Nilifurahi. Kila saa mbili ripoti ya mama aliyeshika daftari la malori iliingia: namba ya gari, mahali lilipolala, mzigo. Alikuwa ameshika daftari hilo miaka mingi, na alikaa upande wa Lac Vert na mume wake na watoto. Zamani, bironi, ndiye aliyekuwa anajua nani anaumwa.

Asubuhi moja ripoti yake iliingia saa mbili na dakika ishirini. Niliandika mbele ya wote: «Mama, saa mbili si saa mbili na dakika ishirini.» Akajibu: «Bien reçu.» Kesho yake ripoti ilifika kwa wakati, na siku iliyofuata pia. Nikajisifu kwamba neno langu limefanya kazi.

Baada ya majuma mawili nilikutana na mwenzetu anayesimamia madereva, nje ya kanisa, misa ilipokwisha. Ni mtu wa kunitania tangu zamani. Alinipa mkono, akanitazama.

«Muzee, kwenye kilio cha mume wa mama wa daftari hatukukuona. Ulikuwa unangoja ripoti?»

Nilidhani ni utani wake. Akaona uso wangu, naye akaacha kucheka. Alinieleza palepale. Mume yule alikufa alfajiri ya siku ile ya dakika ishirini. Mama alituma ripoti akiwa hospitali, maiti ikingoja gari. Zile za siku zilizofuata alizituma akiwa ameketi na waombolezaji. Nikamuuliza wao walijuaje. Akasema kwamba baada ya sheria yangu walifungua kikundi kingine cha salamu, mimi sikutiwa. Walifikiri habari imenifikia kwa patron, nami nikakataa kuja.

Patron alikuwa Kampala. Hakuna aliyeniambia, na aliyewazuia kuniambia ni mimi.

Kesho yake nilipanda pikipiki mpaka Lac Vert na mfuko wa makala, makaa ya kupikia, na kilo chache za sukari, vitu ambavyo mtu huleta kilioni, lakini kilio kilikuwa kimekwisha. Waombolezaji waliolala uani walikuwa wamerudi kwao, moto umezimwa. Mama alinipa kiti, yeye akakaa juu ya jiwe jeusi la volkano penye mlango. Hakunipa mkono, nami sikuthubutu kutoa wangu. Nilisema nilichokuja kusema: kwamba sheria ilikuwa yangu, na lile neno la dakika ishirini lilikuwa langu, na kwamba sikuja kujitetea kwa viazi vilivyooza.

Kuku alipita katikati yetu.

«Chef, mimi sikukasirika kwa sababu haukuja,» alisema. «Asubuhi ile nilishika telefone, nikitafuta mahali pa kukuandikia kwamba baba ya watoto amekufa. Nikaona hapana mahali. Nikaandika namba za malori.»

Nilimwomba msamaha. Akasema amesikia. Alinisindikiza mpaka barabarani, kama mtu anavyomsindikiza mgeni yeyote.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilifuta sheria. Niliandika nimeamka vizuri, mgongo unaniuma, nyinyi mumeamkaje. Yule wa madereva aliuliza kama telefone yangu imeibiwa. Kisha akaanza kueleza habari za watoto wake, na mwenzetu wa nne akafuata. Mama alituma ripoti saa mbili kamili. Chini ya salamu yangu aliandika: «Bien reçu.»

Biro haijafunguliwa mpaka leo. Kila asubuhi nasalimia mbele ya kazi, nikimuuliza kila mmoja juu ya watu wake. Ujumbe wa madereva nausoma kwanza, haujazikwa tena. Kumbe nilihitaji tu kufungua telefone mapema. Wenzangu wananijibu kwa maneno mengi. Mama, ninapomuuliza wameamkaje kwake, ananijibu maneno yale mawili niliyomfundisha. Sijamwambia aandike mengine. Kesho nitamuuliza tena.