Taa Yangu na Mpunga wa Jirani

Nilirudi Ifakara katikati ya miaka ya tisini na stashahada ya kilimo niliyoipata kwa kujisomesha mwenyewe, kwa kukata miwa Kidatu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nikajenga nyumba ya matofali ya kuchoma pale mji unapoishia na majaruba ya mpunga yanapoanza, na umeme ulipotufikia nikafunga taa ambayo mtaa mzima hakuwa nayo mtu: taa kubwa ya nje, juu ya nguzo, inayomulika uwanja wote na kuvuka mpaka kwa jirani.

Sikuihitaji kwa ajili ya wezi. Wazazi wangu walikuwa wamekwisha kufa, na mke wangu alikataa kuhama Morogoro. Nyumba ya vyumba vinne, na anayekohoa ndani ni mimi tu. Taa ilipowaka wanaume walianza kuja kucheza drafti kwa vizibo vya soda, wakibishana na kutukanana hadi walipochoka, na mimi nikawa mtu mwenye watu.

Jirani yangu alikuwa mama mjane. Jaruba lake lilipakana na uwanja wangu, nalo alilipanda mbegu ya zamani, ile ya muda mrefu. Mwezi wa tano mpunga wa wenzake ulikuwa umekwisha inama kwa mashuke. Wake, sehemu kubwa, ulikuwa majani matupu, marefu, ya kijani kibichi.

"Shikamoo mama," nilimsalimia.

"Marahaba, baba. Njoo uone mpunga wangu. Umekuwa mtawa, hautaki kubeba mimba."

Mfugaji mmoja wa Kisukuma, mchezaji wetu hodari wa drafti, alicheka. "Niuzie mimi, mama. Ng'ombe wangu hawaulizi mashuke."

Mama hakucheka. Sehemu kubwa ya chakula chake cha mwaka ilikuwa humo, na alikuwa ameanza kufikiri kwamba amerogwa.

Niliingia jarubani na viatu vyangu. Sehemu ya mbali na nguzo ilikuwa imetoa mashuke. Kadiri nilivyoikaribia taa yalipungua, na chini yake hapakuwa na hata moja. Sikuhitaji kufungua kitabu. Mpunga ule husubiri usiku urefuke. Kwetu usiku hurefuka kidogo sana, wewe na mimi hatuoni, lakini jani linaona. Giza likitosha, jani hutengeneza homoni, homoni husafiri hadi kwenye ncha ya bua, na ncha huacha kutoa majani na kuanza shuke. Mwanga ukikatiza lile giza, ujumbe hautumwi. Mpunga wa mama ulikuwa bado unangoja usiku ambao mimi niliufuta.

Wilaya nzima, nadhani, hapakuwa na mwingine ambaye angeligundua hilo kwa kutembea mara moja jarubani. Niliwaeleza wachezaji jioni hiyo hiyo, nikiwa nimesimama.

"Kwa hiyo mpunga unataka kulala?" aliuliza mmoja.

"Unataka giza."

"Na sisi je, tucheze kwa kupapasa?"

Nilizima taa. Walikaa kidogo, wakasema mambo ya mvua, wakaondoka. Kesho yake walihamia kwenye kibaraza cha mashine ya kukoboa, ambako kuna balbu. Nilikwenda mara mbili. Kule nilikuwa mtazamaji tu. Vizibo vilikuwa vya mwenye mashine.

Baada ya wiki kadhaa mabua yakanenepa, kisha mashuke yakachomoza, hata chini ya nguzo. Nilijua yatachomoza. Mama alipiga kigelegele peke yake, akaniita profesa, kisha akaenda Michenga kuvuna shamba lake la pili.

Ila mpunga uliochelewa hukomaa peke yake. Bonde lilikuwa limevunwa, yamebaki mabua makavu, na ndege wote wakaliona jaruba moja. Mama alikuwa mbali. Nikachukua debe na fimbo, nikashuka mwenyewe, mwenye stashahada, nikapiga na kupayuka kuanzia alfajiri mpaka jua linazama. Ndege walinyanyuka, wakazunguka, wakarudi. Jioni nilipofunga mlango koo lilikuwa limekauka, na siku nzima sikuwa nimesema neno na mtu. Mpunga wa mama ulifika ghalani.