Samaki Aliyekataa Punje

Uvumilivu wangu uliishia katika duka la samaki wa mapambo, Moshi mjini, asubuhi, nimemshika mkono binti yangu wa miaka mitano. Ilikuwa mara ya tatu kwenda kueleza kwamba samaki wetu hataki kula. Muuzaji, mwanamume wa makamo, alikuwa ametupa mgongo. Anachota samaki wadogo walio hai kwenye ndoo, anawamwaga kwenye tangi la samaki wa aina ya wetu. Wakamezwa wote. Punje ya chakula cha kopo hata moja sikuona.

"Kumbe unajua wanakula nini," nikamwambia.

Akajibu kwamba hao ni wa kwake, wangu anadeka tu, nimnyime siku mbili atakula. Huyo huyo ndiye aliyetuapia kwamba wote wanakula punje za kopo, na kopo akatuuzia. Niliyomjibu siyaandiki. Mtoto aliyarudia nyumbani, inatosha.

Samaki mwenyewe ni mwindaji, urefu wa kidole, rangi ya jani la mgomba lililokauka. Anaelea kichwa chini akijifanya jani. Mume wangu anaongoza wageni mlimani. Alimnunua kama zawadi ya mtoto, sote tukiwa dukani, kesho yake akapanda mlima. Kazi ikabaki kwangu, hapa mtaani kwetu Njoro.

Punje zilizama mbele ya pua yake, zikaoza. Nikajaribu dagaa wa kusaga, kiini cha yai, nyama. Hakugeuza jicho. Nikatega viluwiluwi vya mbu kwenye ndoo nyuma ya nyumba. Hivyo alivila, ila mwenye nyumba akaimwaga ndoo, akasema nyumba yake haifugi mbu. Alikuwa na haki. Na samaki hai wa kumlisha kila siku ningewatoa wapi? Tumbo lake likaingia ndani. Mtoto akiamka, kabla ya chai, anakwenda kwanza kuangalia kama amekufa.

Siku mbili kabla ya yale ya dukani, mama mkwe alishuka kutoka kwake Mkuu, huko mlimani, na ndizi zake. Kwao aliyekonda anapewa mtori wa ndizi na nyama, awe aliyejifungua, awe mgonjwa, hakuna mjadala. Nilitoka kuanika nguo. Kurudi, maji ya tangi meupe kama uji, na yeye ameshika kijiko cha mtori, anamwambia samaki ajikaze. Mama wa mume hafokewi kwa ajili ya samaki. Nilibadilisha maji ndoo kwa ndoo, na nadhani kila ndoo aliisikia vizuri.

Niliporudi kutoka dukani na hasira zangu nilimkuta mama mkwe, bado yupo kwetu, anachambua maharage. Nikamweleza yote. Hakunipa pole. Aliuliza kama chakula ninachompa samaki huwa nakichezesha. Nikasema nakidondosha tu.

"Ndama aliyetengwa na mama yake hajui ndoo," akasema. "Anajua kinachocheza mdomoni. Unatia vidole kwenye maziwa, unavichezesha, ananyonya vidole. Halafu unavitoa polepole, mwenyewe hana habari."

Tulichimba minyoo chini ya mgomba. Siku ya kwanza nikachoma kipande cha mnyoo kwenye njiti ya ufagio wa chelewa, nikakitikisa majini. Akakimeza. Kesho yake, mnyoo na kipande kidogo cha sato. Siku ya nne sato mtupu, ninamchezesha kama yu hai. Samaki akasogea taratibu, mdomo ukafunguka kama mfuko, sato hayupo.

"Bibi, amekula ufagio?" mtoto akauliza.

Bibi yake akamwambia amekula sato, naye anywe chai yake.

Kwa hiyo samaki anaishi. Malalamiko niliyapeleka vilevile, kwa afisa biashara, kwa mkono wangu, nakala yangu ikagongwa muhuri. Niliandika hivi:

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MUUZAJI WA SAMAKI WA MAPAMBO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tuliuziwa samaki anayekula viumbe hai, tukaambiwa anakula punje. Muuzaji alijua ukweli, kwa kuwa yeye mwenyewe wa kwake anawalisha samaki wadogo walio hai, na nimemwona kwa macho yangu. Sidai fedha na samaki simrudishi. Ninaomba aagizwe kubandika kwenye kila tangi karatasi inayosema samaki wa humo jana alikula nini.