Mistari Myeupe ya Njia ya Ruziba

Harufu ya rangi mbichi barabarani hunipandisha hasira, hata mimi mwenye diploma ya uhandisi niliyoitolea jasho ughaibuni, bila kubebwa na mtu.

Nilikuwa mtoto, mama amebeba kichwani beseni la ndagala, vile vidagaa vya ziwani. Nilimvuta kwenye mistari myeupe.

"Mama, mwalimu alisema hapa magari inasimama."

"Kweli, mutoto wangu?"

Akanifuata. Gari halikusimama. Ndagala zilitapakaa kwenye lami, mama kaanguka, ameshika goti. Dereva akachungulia dirishani: "We mama, hiyo ni rangi, apana ukuta!"

Leo wamepaka upya mistari ileile. Nimesimamisha gari langu, nililolinunua mwenyewe, mama avuke. Nyuma wananipigia honi. Sisogei. Lakini mama anachechemea kwenda kuvukia mbali, pasipo na rangi.